Samaki Mzima Ndiye Biashara: Uvuvi wa Piaba katika Mto Rio Negro

Ndugu viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, maafisa uvuvi, wafugaji na wauzaji wa samaki wa mapambo, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni uvuvi wa samaki wa mapambo katika vijito vya msitu wa mvua, ule unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Nitawapeleka Brazil, katika mji wa Barcelos kando ya mto Rio Negro, kiasi cha kilomita 400 juu ya jiji la Manaus. Huko kuna samaki mdogo wa pori aliyevuliwa kwa mamilioni kila mwaka, kwa miongo kadhaa, na hadi leo yupo. Kwingineko wapo samaki wa mapambo waliovuliwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo wakaanza kuadimika. Tofauti hiyo inaletwa kwanza na samaki mwenyewe. Inaletwa pia na yanayompata tangu anapoingia wavuni hadi mfuko wake unapofunguliwa ng'ambo ya pili ya dunia, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndipo wavuvi wengi wanapopoteza mali yao bila kujua.

Rio Negro maana yake ni Mto Mweusi. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu yamelowekwa majani ya msitu. Ni makali kwa asidi, pH yake (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) huwa kati ya 4 na 5, na chumvichumvi ndani yake ni kidogo mno, karibu sawa na maji ya mvua. Kila mwaka mto hupanda na kushuka. Pale Manaus tofauti ya kina kati ya kujaa na kupungua ni kama mita 10, urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Mto ukijaa unaingia msituni, miti inasimama majini kwa miezi. Msitu huo uliofurika huitwa igapó, na vijito vinavyouingia na kutoka huitwa igarapé, neno la wenyeji lenye maana ya njia ya mtumbwi.

Samaki tunayemzungumzia ni kardinali, kwa jina la kitaalamu Paracheirodon axelrodi, aliyeandikwa na wanasayansi mwaka 1956. Ana urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu, tumbo jekundu kutoka kichwani hadi mkiani, na mstari wa buluu juu yake unaong'aa kama taa. Wenyeji huwaita samaki wadogo wa namna hii piaba, kama sisi tunavyosema dagaa, na mvuvi wake ni piabeiro.

Msitu unapofurika, kardinali hutawanyika humo, hula wadudu na vijidudu vya kwenye majani yaliyolala majini, na huzaliana. Wakati huo hakuna wa kuwavua hata akitaka, maana wametapakaa kwenye msitu usio na mwisho. Mto unapoanza kushuka, samaki hurudi nyuma pamoja na maji, hujazana vijitoni na kwenye madimbwi. Madimbwi mengi hukatika na kukauka. Oksijeni inaisha, korongo wanakula, samaki wakubwa wanakula, jua linamalizia. Kardinali wengi wa pori hawafikishi mwaka wa pili, ingawa tangini huishi miaka minne au mitano. Kwa hiyo piabeiro anayevua maji yakiwa yanashuka anachukua, kwa sehemu kubwa, samaki ambao kiangazi kingewachukua. Wachache wanaobaki hutaga mto ukijaa tena, na kijito kinarudi kama kilivyokuwa.

Msiondoke hapa mkisema samaki wadogo hawaishi. Hesabu hii ni ya kardinali na wenzake wenye maisha mafupi, mayai mengi na makazi mapana. Nendeni Kerala, kusini mwa India, kwenye vijito vya milima ya Western Ghats. Kuna samaki wa mstari mwekundu anayeitwa Sahyadria denisonii. Yupo kwenye vijito vichache tu, na soko la nje lilipompenda alianza kupungua. Mwaka 2008 serikali ya Kerala ikaweka miezi ya kufunga uvuvi: Juni, Julai na Oktoba. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba samaki huyo huzaliana kuanzia Oktoba hadi Machi. Yaani katika miezi sita ya uzazi, sheria ililinda mmoja. Walikuwa na nia njema na tangazo la serikali mkononi, lakini hakuna aliyepasua samaki kila mwezi kuangalia mayai kabla ya kuandika tarehe.

Au njooni nyumbani, Ziwa Tanganyika, ambalo si kijito cha msitu lakini lina somo lilelile. Tropheus wa kwenye mawe, ambaye kila kipande cha ufuko kina rangi yake, jike lake hubeba mayai mdomoni, na mayai yenyewe kwa kawaida hayafiki ishirini. Havuki mchanga mpana kwenda mawe mengine. Ukichukua majike ya mwamba mmoja, hakuna atakayekuja kujaza nafasi. Na kule Brazil kwenyewe, mto Xingu, kuna kambare mdogo mwenye milia kama punda milia, Hypancistrus zebra, anayeishi kwenye sehemu moja tu ya mto huo. Mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa pori walio hatarini, ziliamua kukaza udhibiti wa biashara yake. Huyo huwezi kumvua kama kardinali, hata kama bei inakupungia mkono.

Basi kabla kijiji hakijanunua wavu hata mmoja, kijue samaki wao anataga mwezi gani na mayai mangapi, na kama akimalizwa kijito hiki atakuja kutoka kijito gani. Kama majibu ni mayai machache na hakuna kijito kingine, acheni, au mkamfuge.

Sasa tuingie majini.

Piabeiro huvua kwa mtumbwi na kasia, mmoja au wawili. Chombo chake kikuu ni rapiché, wavu wa mkono wenye fremu pana na mpini mrefu. Huchoti kama unavyochota dagaa. Unauzamisha taratibu mbele ya kundi, kisha kwa kasia unawasukuma samaki polepole waingie juu yake, unainua fremu mpaka ukingo wake utoke majini huku tumbo la wavu likiwa bado limejaa maji. Hapo samaki wanaogelea ndani ya wavu na wanatolewa kwa kata ya kibuyu, pamoja na maji yao. Hawaguswi kwa mkono, hawaanikwi hewani. Chombo cha pili ni cacuri, mtego wenye mlango mwembamba kama ufa unaoegeshwa kwenye mimea ya ukingoni, samaki anaingia asijue pa kutokea. Mnaojua wando na dema mmeshanielewa.

Kitambaa cha wavu kiwe laini, kisicho na mafundo, na macho ya milimita mbili hadi tatu. Jicho likiwa kubwa, samaki anaingiza kichwa na matamvua yananasa. Fundo likiwepo, linakwangua ute na magamba. Ute ule ndio ngozi ya pili ya samaki. Pale ulipotoka leo, keshokutwa mtaona pamba nyeupe, ndiyo kuvu, na siku ya tatu au ya nne samaki amekufa. Mvuvi atasema ni ugonjwa wa maji. Kumbe ni wavu wa siku ya kwanza.

Wavu ukiinuliwa, achilieni palepale wadogo chini ya sentimita mbili, majike yaliyovimba tumbo, na samaki wa aina nyingine asiye na mnunuzi. Kumwachilia akiwa tayari amekaa saa sita kwenye beseni la moto ni kuwalisha ndege.

Beseni lenyewe lina siri ambayo wengi hawaitilii maanani. Oksijeni huingia majini kwa kupitia uso wa maji. Chukua lita 24. Ukizitia kwenye beseni la mstatili la sentimita 60 kwa 40, kina kinakuwa sentimita 10 tu na uso wa maji ni mpana. Ukizitia kwenye ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30, uso unakuwa chini ya theluthi moja ya ule. Maji ni yaleyale, samaki ni walewale, lakini kwenye ndoo wataanza kupumulia juu kabla ya saa ya kurudi nyumbani. Kwa beseni la namna hiyo anza na samaki 300 wa ukubwa wa kardinali, uone asubuhi umeokota wangapi, ndipo uongeze au upunguze. Lifunike kwa majani. Badilisha nusu ya maji asubuhi na jioni kwa maji ya kijito hichohicho, usilete ya kisima.

Kutoka kwenye mtumbwi, samaki wakae kwanza kwenye kizimba kinachoelea: fremu ya mbao yenye wavu laini, upana wa mita moja na urefu wa mita mbili, kwenye maji yanayotembea polepole chini ya kivuli. Siku tatu hadi saba. Kuna wanaoona hizi ni siku za kupoteza, wanataka kuuza jioni ileile. Lakini samaki aliyeumizwa anajidhihirisha ndani ya siku hizo. Afadhali afe kwenye kizimba chako, umjue na ujue wavu upi umemuua, kuliko afe ndani ya mfuko pamoja na wenzake 200 na kuwachafulia maji. Okota maiti asubuhi na jioni. Siku ya kwanza usiwalishe kitu.

Kuna jambo linanikera na nitalisema wazi. Wavuvi na madalali wa nchi nyingi wana tabia ya kumimina unga wa vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwenye mabeseni ili samaki wasife. Dawa haiongezi oksijeni, haiondoi amonia, taka yenye sumu anayoitoa samaki mwenyewe, na kukosa oksijeni na amonia ndivyo vitu viwili vinavyoua samaki kwenye beseni. Inachofanya ni kufuga vijidudu sugu ndani ya kijito mnachonywa maji yake. Punguza samaki, badilisha maji, weka kivuli. Vidonge viachieni zahanati.

Tupige hesabu kidogo, mfano tu. Tuseme kati ya kila samaki 1,000 waliotolewa kijitoni, asilimia 5 wanakufa wavuni, kisha asilimia 10 ya waliobaki kizimbani, kisha asilimia 20 njiani. Wanafika 684. Mnunuzi akitaka elfu moja kamili, kijito kinatoa 1,462. Kijiji cha jirani kimeshusha vifo hivyo hadi asilimia 2, 3 na 5. Kwao wanafika 903 kati ya elfu, na kwa oda ileile kijito kinatoa kama 1,107. Hao 355 wa tofauti hawakuliwa na mtu wala hawakuuzwa. Mvuvi amepiga kasia kwa ajili yao, amewahifadhi, amewabeba, akawatupa. Kijiji kinachotaka kupunguza mzigo wa kijito chake bila kupunguza shilingi moja ya mapato kianzie hapo, kabla hata ya kujadili kufunga maeneo.

Safari. Barcelos hadi Manaus ni zaidi ya siku nzima kwa meli ya abiria, mabeseni yakiwa yamepangwa juu kwa juu. Anayechota maji ya kubadilisha njiani achote upande wa mbele wa meli, asichote nyuma kwenye injini na choo. Ni jambo dogo, na limemaliza mizigo mizima.

Kwa mfuko wa ndege, mfungishe samaki saa 24 hadi 48 kabla ya kumpakia, tumbo liwe tupu, maana kinachotoka tumboni ndicho kinachooza mfukoni. Tumia maji yake ya kijito yaliyochujwa kwa kitambaa. Rangi ile ya chai ina kazi: mada za majani zilizoyeyuka humo husaidia matamvua kushikilia chumvi za mwili katika maji yenye asidi. Wanaoona maji meusi ni machafu wakayamwaga na kuweka ya bomba hujiletea msiba wenyewe. Mifuko iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine, na pembe za chini zikunjwe na kufungwa kwa mpira, kwa sababu samaki wadogo hujibana pembeni wakafa kwa kubanwa. Theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni ya mtungi. Kamua hewa yote kwanza ndipo upulizie oksijeni, maana hewa ya kawaida ina asilimia 21 tu. Samaki 30 hadi 40 kwa lita kwa safari ya siku moja. Ikizidi siku moja na nusu, punguza hadi nusu. Kisha boksi la stairofomu, lifungwe, liwe giza.

Sasa sikilizeni kwa makini kuhusu kufungua, hata ninyi mnaouza tu madukani Dar es Salaam au Nairobi. Ndani ya mfuko samaki anatoa amonia kwa matamvua yake. Anatoa pia kaboni dayoksaidi, ambayo inashusha pH. Kushuka huko ndiko kunakomwokoa: kwa pH 6 na joto la nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata sehemu moja kati ya 1,000, nyingine yote iko katika hali isiyodhuru sana. Kwa pH 8 sehemu hiyo inapita 50 kati ya 1,000. Muuzaji anapofungua mfuko, kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inaanza kupanda. Naye, kwa huruma, anamimina kidogokidogo maji ya tangi lake yenye chokaa, kama alivyofundishwa, kwa nusu saa. Amonia yote iliyokuwa imelala inaamka. Samaki aliyevumilia saa 30 angani anafia mlangoni kwa mnunuzi, na lawama zinarudi kijijini kwamba wavuvi wametuma mzigo mbovu.

Njia iliyo salama ni kuelea mfuko ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, taa zikiwa zimezimwa. Tangi liwe limeandaliwa tangu siku kadhaa nyuma kwa maji laini yenye pH ya chini. Fungua, wapitishe samaki kwenye wavu laini, watie tangini mara moja, maji ya mfuko yamwagwe nje. Mwuzaji wa nje apewe maelekezo hayo kwa maandishi, yabandikwe juu ya boksi.

Niseme machache kuhusu fedha. Rio Negro kulikuwa na tajiri, kama nyie mlivyo naye ziwani. Anampa piabeiro mafuta, unga na nyavu kwa mali kauli, na samaki wanakwenda kulipa deni ambalo haliishi. Mvuvi huuza kwa elfu, dukani Ulaya kardinali anauzwa mmoja mmoja, na katikati hapo kuna mikono mingi. Pia hesabu ya elfu ikifanywa kwa kukadiria, mnunuzi hudai nyongeza ya kufidia watakaokufa. Dawa yake ni kuhesabu samaki wa kata tatu mbele ya pande zote mbili, kupata wastani, kisha kuhesabu kata. Na kijiji kilichoandika vifo vyake kina la kujibu mtu akidai nyongeza.

Pigo kubwa zaidi lilitoka nje ya mto. Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi duniani siku hizi hufugwa, kama tisa kati ya kumi, na kardinali naye akaanza kuzalishwa kwenye mabwawa na matangi mbali na Amazon. Bei zikashuka, piabeiro wengi wakaacha, wengine wakahamia kwenye utalii wa kuvua tucunaré, samaki mkubwa anayekula wenzake, kwa ndoano. Hilo lina maana kwa msitu pia. Mtu anayeishi kwa igapó hana haja ya kuukata. Ukimnyang'anya soko, mlango ulio wazi ni wa mbao, dhahabu au kuhamia Manaus. Ndiyo maana Project Piaba, mradi ulioanzishwa mwaka 1989 na mwanasayansi Labbish Chao wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Amazonas, ulisimama upande wa wavuvi badala ya kudai uvuvi upigwe marufuku, na ukafundisha utunzaji bora wa samaki. Mwaka 2014 samaki wa mapambo wa Rio Negro walipata hati ya asili ya kijiografia nchini Brazil, yaani hati ya kuonyesha wametoka mto huo. Maoni yangu ni kwamba hati peke yake haiuzi. Mnunuzi atalipa zaidi kwa jina la mto endapo samaki wa mto huo hafi dukani kwake wiki ya kwanza.

Mwisho ni daftari, na daftari hili hata mtoto wa darasa la sita analiweza. Tarehe. Jina la kijito. Kina cha maji kwenye mti uliotiwa alama. Saa za kuvua. Idadi ya samaki. Waliokufa wavuni, waliokufa kizimbani. Gawanya idadi kwa saa: aliyepata 2,000 kwa saa nne amepata 500 kwa saa. Linganisha na mwaka jana kwa kina kilekile cha maji, kwa sababu maji yakipungua samaki hubanana na wavu unajaa hata kijito kikiwa taabani. Hapo wengi hudanganyika. Idadi kwa saa ikishuka misimu miwili kwa kina kilekile, kijito kipumzishwe.

Na sasa hivi kina hicho hakitabiriki tena. Pale bandari ya Manaus maji yamepimwa tangu mwaka 1902. Juni 2021 yalifika mita 30.02, juu kuliko wakati wowote. Oktoba 2023 yakashuka hadi mita 12.70, chini kuliko wakati wowote, na mwaka mmoja baadaye yakavunja rekodi hiyo kwa mita 12.11. Samaki wa mwaka mmoja hana akiba ya wazee. Kiangazi kikali kikifuata kingine, wazazi wa msimu ujao ni wale wachache waliokwama kwenye mashimo ya kina. Kwa miaka ya namna hiyo kijiji kiwe kimeshakubaliana mapema, kabla ya njaa ya msimu, mashimo yapi hayaguswi na wavu, na mashimo hayo yawekewe alama ambayo hata mgeni ataiona.

Asanteni. Naona kuna mama ameinua mkono kule nyuma tangu nilipotaja amonia, tuanze naye.